Kilichonishtua ni kidonge cha chini ya ulimi

Shikamoo Mama,

Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 51, nyumbani ni Makambako. Napakia bandarini Dar es Salaam nateremsha Tunduma, mara nyingine navuka hadi Zambia, kwa hiyo kwa mwezi nalala nyumbani siku tatu au nne. Tuna miaka 22 ya ndoa na watoto wanne. Jina langu naomba lisitokee.

Tatizo lilianza taratibu, kama mwaka na nusu uliopita. Nikadhani ni uchovu wa safari. Baadaye ikawa nikikaribia nyumbani tu, nikijua leo natazamiwa, ndipo mambo yanazidi kugoma. Jongoo hapandi mtungi, Mama. Mke wangu hasemi neno, anageukia ukutani analala, na ule ukimya unaniuma kuliko angenitukana. Safari moja nilikaa mjini nikizungusha soda hadi saa sita usiku ili nimkute ameshalala.

Supu ya pweza nimekunywa. Mihogo mibichi, karanga na nazi nimetafuna mpaka taya zikachoka. Nilinunua na unga fulani stendi, nikaambiwa umetoka Kongo. Siku ya kwanza ulifanya kazi kweli, ila moyo ulikwenda mbio usiku kucha. Siku ya pili, hola.

Ndipo dereva mwenzangu akanipa vidonge vya buluu, saba, vimekatwa kwenye karatasi yake, boksi hakuna. Anavinunua kwa kijana anayezungusha kwenye maegesho ya malori. Nikameza kimoja baada ya mbuzi choma na bia nne, nikangoja nusu saa, kimya, nikalala. Safari iliyofuata nikameza viwili kwa mpigo. Kazi ilifanyika, lakini kichwa kiligonga kama nyundo, uso ukawaka moto, pua ikaziba, na taa ya chumbani nikaiona ya buluu. Mara ya tatu nilimeza kimoja tu. Usiku nikaamka kwenda chooni, kizunguzungu kikanikamata, nikashikilia ukuta la sivyo ningeanguka. Mke wangu alisikia kishindo, nikamwambia niliteleza.

Kuhusu afya, nina sukari tangu 2019, natumia metfomini. Presha ninayo pia. Nilikuwa natumia atenololi na kile kidonge cha kukojosha, lakini nimeacha vyote miezi miwili sasa maana wenzangu wanasema ndivyo vinavyoua nguvu. Mwaka jana kifua kilikuwa kinabana, wakanipa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Situmii kila siku, mara mojamoja tu, mfano siku ile ya kizunguzungu kifua kilinibana mchana nilipokuwa nafunga turubai.

Maswali yangu ni matatu. Dozi yangu ni kidonge kimoja au viwili? Nikizoea, nitakuwa mtumwa wake? Na mke wangu nimwambie?

Dereva, Makambako

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jongoo na mtungi umevipa karibu barua nzima. Kifua umekitaja mwishoni, kwa sentensi mbili, kama mtu anayeeleza kuwa huko kwenu kulinyesha. Mimi nitaanza na hizo sentensi mbili, na utanivumilia kwa sababu swali lako la dozi halijibiki kabla yake.

Usimeze tena kidonge cha buluu. Si viwili, si kimoja, si nusu, mpaka umekaa mbele ya daktari na amejua kwamba una kidonge cha chini ya ulimi. Sijasema maisha yako yote. Nimesema kuanzia leo hadi siku hiyo.

Kile kidonge kidogo cha kifua ni cha jamii ya naitreti. Angalia chupa au boksi lake: utakuta jina linaloishia na neno "nitrate", au herufi GTN au ISDN. Kidonge cha buluu, kama kweli ni chenyewe, ni sildenafili. Nimetoa dawa kwenye dirisha la hospitali kwa miaka 26, na katika dawa zote zilizopita mikononi mwangu, ni chache zinazochukiana kama hizi mbili.

Uadui wao uko hivi. Mishipa ya damu hulegea na kupanuka kwa amri ya gesi ambayo mwili wenyewe huitengeneza, naitriki oksaidi. Gesi hiyo huamsha kemikali nyingine ndani ya mshipa, na kemikali hiyo ndiyo inayoulegeza. Kazi ikiisha, kimeng'enya kimoja huja kuifyeka na mshipa unarudi kama ulivyokuwa. Sasa fikiria ua wenye bomba na mtaro. Kidonge cha chini ya ulimi kinafungua bomba, gesi inamwagika, mishipa ya moyo inapanuka, kifua kinaachia. Sildenafili haigusi bomba. Inaziba mtaro, kemikali isifyekwe. Ukifungua bomba huku mtaro umezibwa, ua unafurika. Mishipa ya mwili mzima inalegea kwa pamoja, presha inaporomoka, damu haifiki kwenye ubongo wala kwenye moyo wenyewe ambao ndio ulikuwa ukilalamika. Wengine huzimia wakaamka. Wengine hawaamki.

Sasa rudi kwenye usiku wako wa tatu. Mchana kifua kimebana, umeweka kidonge chini ya ulimi. Usiku umemeza cha buluu. Kisha ukuta wa choo. Ulimwambia mkeo umeteleza, na nadhani na wewe mwenyewe ulijiambia hivyo. Siwezi kuapa kwamba ni dawa hizo mbili zilizokutana, lakini kama ungekuja dirishani kwangu na maelezo hayo, nisingekuacha uondoke kwa miguu yako bila kupimwa presha.

Na kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka hunichekesha kwa uchungu. Sildenafili haikutafutwa kwa ajili ya kitanda. Watafiti wa kampuni ya Pfizer, huko Sandwich nchini Uingereza, waliitengeneza wakitafuta dawa ya kifua kubana, kifua kama chako hichohicho. Kwenye kifua haikuwaridhisha. Lakini wanaume waliojitolea kuijaribu wakaanza kueleza, wengine kwa aibu, kwamba kuna kitu kingine kimeamka. Machi 1998 Marekani ikaidhinisha iuzwe kwa jina la Viagra. Kwa hiyo dawa iliyotafutwa kwa ajili ya mtu wa kifua, leo mtu wa kifua anayetumia naitreti ndiye wa kwanza kukatazwa.

Kwa kuwa maisha ni barabara, nikuachie na hili. Mtu akiwa ameshameza dawa ya jamii hii, kifua kikambana, aache alichokuwa akifanya, akae, asiweke kidonge chini ya ulimi, apelekwe hospitali mara moja, na akifika aseme amemeza nini na saa ngapi. Aseme kwa sauti, hata kama mkwe wake amesimama pale. Daktari asiyejua atampa naitreti kwa nia njema kabisa. Baada ya sildenafili wahudumu huhesabu angalau saa 24 kabla ya kufikiria naitreti. Baada ya tadalafili, ambayo ni ndugu yake anayekaa mwilini muda mrefu zaidi, ni saa 48. Wewe kidonge chako hakina boksi. Utawaambia ni kipi kati ya hivyo?

*

Sasa hospitali. Usiende kwenye duka la dawa la kando ya barabara, nenda hospitali yenye kliniki ya sukari na presha, hata kama itakugharimu safari moja ya Tunduma. Wanaume tukiwauliza dirishani "una shida gani?" hujibu "presha tu." Ya kweli hutoka wakiwa wameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa. Wewe anza nayo. Mwambie: uume hausimami vizuri mwaka na nusu sasa, kifua hunibana nikifanya kazi nzito, nina sukari, nimeacha dawa za presha, nimemeza vidonge vya mtaani mara tatu. Hizo ni sentensi tano, na kwa daktari anayejua kazi yake zote ni habari moja.

Kwa nini habari moja? Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa kama milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni kama milimita 3 hadi 4. Mafuta na sukari vinapoanza kuharibu kuta za mishipa, ile myembamba ndiyo huziba au kukakamaa kwanza. Ndiyo maana kwa wanaume wengi shida ya kitandani hutangulia shida ya moyo kwa miaka kadhaa, mara nyingi miwili hadi mitano. Wewe vimefuatana karibukaribu. Unasema ni uchovu wa safari. Mimi nasema mwili wako umepiga honi mara mbili.

Watakupima presha, sukari ya miezi mitatu iliyopita, mafuta kwenye damu, umeme wa moyo, pengine na homoni ya kiume, ambayo damu yake huchukuliwa asubuhi kwa sababu ndipo huwa juu. Wakikuuliza kama asubuhi unaamka uume umesimama, usicheke. Ni swali zito. Mtu ambaye alfajiri mambo ni mazima lakini usiku mbele ya mkewe yanagoma, mara nyingi tatizo kubwa liko kwenye hofu. Kwako nahisi vyote viwili vipo. Mishipa imechoka, na juu yake kuna mtu anayefika nyumbani siku tatu kwa mwezi kama anaingia chumba cha mtihani.

Dawa za presha. Wenzako hawakusema uongo mtupu: atenololi na vile vidonge vya kukojosha ni miongoni mwa dawa zinazoweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu. Zipo nyingine za presha zenye lawama ndogo zaidi kwenye jambo hilo, na daktari anaweza kukubadilishia. Lakini kuikata atenololi ghafla ni kosa la pekee kwa mtu wa kifua, maana moyo uliokuwa umefungwa breki unaachiwa mara moja, unakwenda kasi, na kifua kinabana zaidi. Wewe unaujua mteremko wa Kitonga kuliko mimi. Hakuna anayeng'oa breki katikati ya Kitonga kwa sababu zinapiga kelele. Tena presha isiyotibiwa nayo inaharibu ileile mishipa midogo unayoililia. Usizirudie zote kwa mkupuo kwa kujikadiria baada ya miezi miwili, ila wahi hospitali wiki hii, wakuanzishie upya wakiona presha yako.

Daktari akiridhika kwamba moyo wako unaweza, atazungumza nawe kuhusu tendo la ndoa lenyewe. Kipimo cha kienyeji wanachokitumia ni ngazi: ukiweza kupanda ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kifua kubana wala kuhema vibaya, kwa kawaida moyo unaweza na shughuli ile pia. Anaweza kuona kwamba kifua chako kinaweza kutibiwa kwa dawa nyingine na naitreti ikaondolewa kabisa. Hapo mlango wa sildenafili unaweza kufunguka. Au ataona naitreti ni lazima ibaki. Hapo mlango huo umefungwa, ila kuna mingine. Ipo pampu ya kuvuta hewa, unaingiza uume kwenye bomba lake, hewa inavutwa, damu inajaa, kisha pete inawekwa kwenye shina kuizuia. Pete isizidi dakika 30. Haina kemikali, haigombani na dawa ya moyo. Ipo pia sindano ndogo ya kwenye uume yenyewe. Najua umekunja uso, lakini waliofundishwa kuitumia husema haiumi kama inavyotisha.

*

Swali la dozi sasa nalijibu, kwa ajili yako siku ukiruhusiwa, na kwa wale wote ambao najua wanasoma barua hii kwa niaba ya "rafiki yangu mmoja". Huyo rafiki nimemhudumia sana dirishani. Ana marafiki wengi mno mjini.

Sildenafili hutoka kwa miligramu 25, 50 na 100. Watu wengi huanzishwa 50. Mwenye miaka zaidi ya 65, au mwenye ini au figo dhaifu, huanzia 25. Ni mara moja tu ndani ya saa 24, na 100 ndiyo mwisho wa safari. Wewe ulipomeza viwili kwa mpigo, kama vilikuwa vya 100, ulimeza 200. Kichwa, uso, pua, ile taa ya buluu, vyote ni madhara yanayojulikana ya dawa hii, na huzidi dozi ikizidi. Taa ya buluu inatokana na dawa kugusa kimeng'enya cha jicho kinachofanana na kile cha mishipa. Faida haiongezeki sambamba na madhara. Hilo ndilo watu hawalielewi.

Kuhusu mara ya kwanza ulipoona kimya, yako makosa matatu na hata moja si la kidonge. Kwanza, mbuzi choma. Chakula chenye mafuta mengi huchelewesha sildenafili kwa kama saa nzima na kupunguza makali yake. Imezwe tumbo likiwa jepesi, kama saa moja kabla. Wengine huiona baada ya nusu saa, na nguvu yake hukaa kama saa nne. Pili, bia nne. Pombe yenyewe hulegeza jongoo, kisha inashirikiana na dawa kushusha presha. Bia moja haimuui mtu, nne ni kujihujumu. Tatu, ulikaa ukingoja. Hii si swichi ya taa. Dawa inaziba mtaro, lakini bomba halifunguki bila ashiki: bila kuguswa, bila kubusiwa, bila hamu. Mwanaume aliyemeza kidonge akalala chali akitazama saa ya ukutani atalala hivyohivyo hadi asubuhi.

Na mara moja si jaribio. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, itumike kwa masharti yake mara sita hadi nane, siku tofauti, daktari akipandisha dozi ikibidi. Wenye kisukari huitikia kidogo kuliko wengine, na wengi wao huishia kuhitaji dozi ya juu. Lakini sukari ikishuka, hata dawa inafanya kazi vizuri zaidi.

Tadalafili nimeitaja. Hiyo haijali umekula nini, na nguvu yake inaweza kufika saa 36. Kuna wanaomeza dozi ndogo ya miligramu 2.5 au 5 kila siku kwa saa ileile, na kuna wanaomeza 10 au 20 siku ya shughuli. Mtu anayefika nyumbani siku tatu angeipenda, kwa sababu hailazimishi kuhesabu dakika. Inaweza kuleta maumivu ya mgongo na misuli. Sildenafili na tadalafili hazichanganywi siku moja, hata kidogo.

Dawa nyingine za kumtajia mfamasia. Zile za tezi dume kama tamsulosini, na doksazosini au prazosini, nazo hushusha presha, kwa hiyo sildenafili huanzia 25 kwa uangalifu. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri ndani yake wajue kwamba ritonaviri huifungia sildenafili mwilini isitoke, na kwao kiwango ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Mwenye kutumia dolutegraviri pekee na wenzake wa kawaida hana kikwazo hicho. Kuna dawa za fangasi kama ketokonazoli, na antibaiotiki kama erithromaisini na klarithromaisini, zenye tabia ya ritonaviri. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huifukuza dawa mapema. Kwenye kliniki za TB na virusi wamezoea maswali haya, waulize bila kunong'ona.

Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila hamu, hasa ukiuma, ni dharura. Najua vijiweni hilo husimuliwa kama sifa. Damu iliyokwama humo inakosa hewa na misuli inakufa, na mtu anaweza asipate tena alichokuwa akikitafuta. Wenye selimundu (sikoseli) wako kwenye hatari hiyo zaidi, waseme mapema. Vilevile jicho likipoteza uwezo wa kuona ghafla, au sikio likaziba ghafla, acha dawa na nenda hospitali usiku huohuo.

Na kwa kazi yako: dozi ya kwanza ya dawa yoyote ya namna hii isitangulie usukani. Ujue kwanza mwili wako unaipokeaje.

*

Kijana wa maegesho. Simjui, huenda ni mtu mwema na ana watoto wa shule. Lakini hajui anachokuuzia. Maabara ya Pfizer imewahi kukuta vidonge bandia vilivyopakwa rangi kwa wino wa buluu wa printa. Vingine huwa na dawa nusu, vingine zaidi ya kilichoandikwa, vingine dawa tofauti kabisa. Hata kama ni halisi, karatasi iliyokaa kwenye dashibodi ya lori juani kutoka Chalinze hadi Igawa imeshapikwa. Dawa hii hapa kwetu ni ya cheti. Inunue famasi yenye mfamasia, ikiwa kwenye boksi, yenye jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ukitilia shaka boksi, mamlaka ya dawa, TMDA, inapokea taarifa za namna hiyo. Zipo za viwanda vingi sasa, si lazima ununue ile yenye jina kubwa. Kilichomo ndani ni kilekile.

Unga wa Kongo nao. Unaniambia siku ya kwanza ulifanya kazi na moyo ukaenda mbio, siku ya pili hola. Mizizi mingi ninayoijua haina tabia hiyo. Marekani mamlaka yao ya dawa imekuta mara nyingi sildenafili au tadalafili ikiwa imechanganywa kwa siri ndani ya vitu vinavyouzwa kama vya asili, hata asali na kahawa. Unga ukikorogwa kwenye beseni, kijiko kimoja kinabeba dawa nyingi, kingine hakibebi kitu. Siwezi kusema wako ulikuwa hivyo. Nasema tu kwamba mtu wa naitreti anayelamba unga asioujua anaweza kuwa amemeza kidonge cha buluu bila kukiona. Pweza sina ugomvi naye. Supu ni chakula, kunywa.

Utumwa? Sildenafili haina ulevi wa kumfanya mtu atetemeke akiikosa, na kuitumia hakumalizi nguvu alizokuwa nazo. Kinachotokea ni kwamba kijana mzima asiye na tatizo akianza kuimeza kwa ajili ya sifa, anajivunjia imani, halafu bila kidonge anaogopa, na hofu inamwangusha kweli. Hao ndio watumwa. Wewe una ugonjwa unaohitaji tiba. Na ukipunguza sukari, sigara kama unavuta, na kitambi cha kukaa kwenye kiti saa 14, unaweza kujikuta unahitaji dozi ndogo zaidi.

Mke wako. Mwambie, na usingoje uwe umelala kitandani mmegeukiana migongo. Mwambie mchana, mkiwa mnakula au mnatembea kwenda shambani, macho yakiwa na kwingine pa kutazama. Miaka 22, mdogo wangu! Unadhani ukimya wake ni dharau. Mimi nimezungumza na wanawake wengi waliokuja dirishani na vyeti vya waume zao, na wengi hawakufikiria sukari wala mishipa. Walifikiria Tunduma. Walifikiria kwamba huko njiani kuna mwanamke anayepokea kilichopungua nyumbani. Ukirudi saa sita usiku baada ya kuzunguka na soda mjini, unadhani yeye anahesabu nini akiwa amekodoa macho gizani? Kama huna mtu njiani, mpe habari za kifua chako, atashukuru. Kama unaye, hilo ni barua nyingine, na hapo kuna vipimo zaidi vya kufanya.

Mwombe muende wote kliniki. Yeye ndiye atakayekuwa karibu usiku kifua kikibana, na ni lazima ajue kuna kidonge kipi na kipi hakiruhusiwi kukutana nacho. Na ile hadithi ya kuteleza chooni, mwambie haikuwa kweli.

Vile vidonge vya chini ya ulimi ninahisi navyo viko kwenye dashibodi. Joto linavimaliza nguvu, hasa vikitolewa kwenye chupa yake. Viweke mahali pasipo na jua wala joto la mwili ila mkono unafika upesi, ndani ya kifungashio chake kilichofungwa vizuri, na daktari aangalie kama bado vinafaa. Na vile vitatu vya buluu vilivyobaki, nimehesabu, mkabidhi mfamasia siku ya kliniki. Usimpe utingo wako.